Kila Nyumba ya Tano

Watu walijua. Hilo nataka lieleweke kabla sijasema lingine, maana siku hizi nawasikia wakubwa wakisema redioni kwamba watu walikufa kwa kutojua. Uongo mtupu. Mimi ndiye niliyewauliza. Niliwauliza watu mia mbili na kumi na wawili, mlango kwa mlango, kibao cha kuandikia mkononi na kalamu ya bluu, na walijua kila kitu. Walijua kwamba ugonjwa unaambukizwa kwa kugusa jasho, matapishi au damu ya mgonjwa. Walijua kwamba anayefikishwa kituo cha matibabu ndani ya siku mbili ana nafasi nzuri ya kupona, na anayechelewa hadi siku ya nne ni wa kuombewa. Walijua namba ya simu ya bure. Wengine waliniimbia, kwa sababu redio ilikuwa imeitungia wimbo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina refu la kitabibu, lakini mtaani tuliuita Mgeni. "Mgeni kapiga hodi kwa fulani," watu waliambizana, na kila mtu akaelewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hakuguswa na methali. Tulioshika majembe ni sisi, na hatukuwa tunalima.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Shule zilipofungwa nikaajiriwa na mradi mmoja wa afya kuwa mdodosaji, yaani mtu wa kuuliza maswali na kujaza majibu. Tulipewa semina ya siku mbili na kizibao cha rangi ya chungwa kilichoandikwa mgongoni ONDOA HOFU. Kanuni zilikuwa chache. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usimsaidie mtu kujibu, usimsahihishe, usikunje uso. Na andika ulichoambiwa, si ulichokiona. Hiyo ya mwisho msimamizi wetu aliirudia mara tatu. Alikuwa mwanamume nadhifu, kizibao chake kimepigwa pasi, na hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja asilimia, hata akizungumzia chai. Tukamwita Bwana Asilimia.

"Vinavyoonekana vina watu wake," alisema. "Kazi yenu ninyi ni jibu."

Basi nikawa naandika majibu. Baba mmoja aliniambia hawezi kuvuka kizingiti bila kunawa kwa sabuni, na beseni la kunawia lilikuwa hapo hapo miguuni pake, kavu, ndani yake ameatamia kuku. Nikaandika: Ndiyo. Mama mwingine aliniambia anakaa mbali na watu hatua mbili, huku amenishika bega. Ndiyo. Swali la ishirini na mbili lilikuwa hili: mtu wa familia yako akiugua, ungependa iwe siri? Hapo walicheka wote. "Mwalimu, nawe! Si unajua mficha maradhi kilio humuumbua?" Nadhani niliisikia methali hiyo mara sabini. Nikaandika: Hapana, Hapana, Hapana, hadi kidole kikaota sugu.

Niliwadharau kidogo, sitaficha. Jioni nilikuwa napita kwa mdogo wangu kumsimulia, na tulikuwa tunacheka.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa ajili ya kazi yake, kwa ajili ya wembamba wake, na kwa ajili ya ulimi. Mteja akilalamika kwamba gauni limembana, alikuwa akimwambia, "Gauni ni lile lile, dada'angu, wewe ndiye mpya." Mumewe, shemeji yangu, ni dereva wa lori, na barabara zilipofungwa alikwama ng'ambo ya mpaka na shehena yake. Sindano akabaki na binti yao wa miaka sita katika vyumba viwili, hatua kama mia mbili kutoka kwangu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani dirishani, vitambaa kwenye kamba, kioo chenye ufa, na yeye mwenyewe shingoni na utepe wa kupimia ambao hakuuvua hata akila. Mimi sikuolewa, na hilo halimo kwenye dodoso. Yule mtoto aliniita mama mkubwa na nilimpenda kama niliyemzaa.

Sasa niseme habari ya mboga, maana kila kitu kilianzia hapo, ingawa siku ile niliona ni mzaha.

Mama Mboga alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kuingia kituoni na kutoka akiwa hai. Alikaa wiki tano. Alirudi amekonda, amenyolewa, na mkononi ana karatasi yenye muhuri inayosema amepona na hawezi tena kuambukiza mtu. Akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaining'iniza mbele ya meza yake sokoni, mahali ambapo wenzake waling'iniza vitunguu. Watu waliisoma kwa mbali, wakaitikia kwa kichwa, wameridhika, wakaenda kununua kwenye meza ya jirani.

Swali la ishirini na tano: je, ungenunua mboga kwa mtu aliyepona ugonjwa huu? Ndiyo, walisema. Kwa nini nisinunue? Si amepona?

Siku moja nilipita sokoni nikitoka kazini, bado nimevaa kizibao. Akaniita. "Mwalimu, shikamoo. Chukua hizi. Si za kuuza, ni zawadi. Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu kusoma." Akaninyooshea fungu la mchicha, mbichi, bado lina umande wa maji aliyonyunyizia. Ningefanyaje, nami mgongoni nimeandikwa vile? Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamwambia Mungu amzidishie. Nilitembea hadi kwa Sindano nimelishika lile fungu kwa ncha za vidole, mkono nimeunyoosha mbali na mwili. Nikapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba na kulitupa kwenye shimo la taka, kisha nikanawa kwa sabuni ya kufulia hadi viwiko, mara tatu.

Sindano alisimama mlangoni akinitazama, pini mdomoni. Alipojua mboga zimetoka wapi alizitoa pini ili aweze kucheka.

"Dada, wewe si ndiye unayewauliza watu kama wangenunua mboga kwake?"

"Nauliza," nikamjibu. "Sijaulizwa."

Tulicheka hadi machozi. Mtoto akachungulia shimoni, akauliza kwa nini tunamwaga chakula. Nikamwambia, "Za yule mama hatuli. Za yule mama tunamwaga." Nilimwambia kwa sauti ile ile ninayofundishia darasani, taratibu, ili kishike. Sindano aliacha kucheka kabla yangu. Nikamwona ananitazama, utepe ameuzungushia vidoleni, na nikadhani amechoka na kazi.

Wiki kama tatu baadaye, Jumatano asubuhi, yule mtoto alikuja kwangu peke yake na kifurushi cha nguo. Alisema mama ametaka akae kwangu ajifunze kuandika, shule zisije zikamkuta hajui kitu. Nilifurahi. Nilimpigia simu mama yake kumtania kwamba hatimaye ametambua nani mwenye akili kwenye ukoo. Alicheka kidogo. Alisema ana kazi nyingi, sare za walinzi, asingependa mtoto amsumbue. "Kaa naye tu, Dada. Msije huku, nimetandaza vitambaa kila mahali." Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi wiki zile nilikuwa nimezoea kuishi kwa masikio.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimebakiza madodoso mawili tu na Ijumaa ilikuwa mwisho wa kukusanya. Nyumba zilichaguliwa kwa hesabu: unaanzia kwenye bomba la maji la mtaa, unahesabu, kila nyumba ya tano unaingia. Moja ya nyumba mbili zilizobaki ilikuwa ya Sindano. Kanuni ilisema mdodosaji asimhoji ndugu yake. Akiangukia nyumba ya ndugu, abadilishane na mwenzake. Lakini mwenzangu alikuwa upande wa pili wa mji, na njia imejaa tope, na mimi nilikuwa nyumbani kwangu nimekaa kitini, chai mezani, mtoto ubavuni pangu anaandika herufi "e" mstari mzima.

Nikalijaza dodoso lake mwenyewe.

Nilijiambia, kwani nisichokijua kwa Sindano ni nini? Nani aliyemfundisha majibu haya kama si mimi? Ugonjwa unaambukizwaje? Najua atakavyosema. Ukiona dalili utafanya nini? Nitapiga simu ya bure. Nilikwenda haraka, alama ya vema baada ya alama ya vema, hadi swali la kumi na tisa: katika siku saba zilizopita, kuna mtu yeyote wa kaya hii aliyepata homa? Hapo nilisita, lakini si kwa ajili ya swali. Kalamu ilikuwa imeishiwa wino. Nikaitikisa.

"Mama anafanya nini saa hizi, unadhani?" nikamwuliza mtoto, kwa mazungumzo tu.

"Amelala."

"Saa nne hii?"

"Jana pia alilala," akasema, na ulimi nje, akimalizia mkia wa herufi. "Alisema nisimguse, ana jasho."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia, maana nakumbuka hata nilichofikiri: kwamba huyu mtoto bado anachanganya jana na juzi, nitamfundisha siku za wiki. Wino ukashuka. Nikaandika: Hapana. Nikaendelea na la ishirini.

Kama ningetembea zile hatua mia mbili kwenye mvua nikamwuliza mlangoni, ningemkuta katika siku yake ya pili.

Nilikwenda Jumamosi. Nilikwenda kwa sababu gauni la mtoto lilikuwa limefumuka kwapani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na cherehani haisikiki. Nilipogonga, sauti yake ilitoka chini sana, kama ya mtu aliyekaa sakafuni nyuma ya mlango.

"Usiingie, Dada."

"Una nini?"

"Nimekula kitu kibaya."

"Tangu lini?"

Nikarudia, na sasa nilikuwa najua. Aliniambia Jumatano kabla hakujapambazuka. Aliniambia pia ya mteja mmoja, mwanamke aliyekuja amejifunika sweta mchana wa jua kali, akitaka gauni lipunguzwe kwa sababu amekonda ghafla. Sindano alimpima kiuno na kifua kama anavyompima kila mtu. "Jasho lake lilinibaki mkononi. Nilinawa, Dada, nilinawa sana. Baada ya siku tatu nikasikia amezikwa."

"Ukajua."

"Nilijua. Ndiyo maana nilimtuma mtoto kwako homa ilipoanza tu. Sikumgusa. Nguo zake nilizitoa sandukuni kwa kijiti."

Yote aliyafanya sawasawa, unaona. Yote niliyomfundisha. Nikamwuliza kwa nini basi hakupiga simu, na nilimwuliza kwa ukali, kama namwuliza mwanafunzi aliyeacha swali moja tupu.

"Halafu nirudi na karatasi?" akasema. "Mama Mboga anauza mchicha, watu hawataki kugusa mchicha wake. Mimi kazi yangu ni kugusa watu wenyewe. Nani atanipa shingo yake niipime?"

"Watazoea. Ni ujinga tu, watazoea."

"Wewe ulizoea?" Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililoniua. "Nilikuona ulivyomwaga, Dada. Nikasema, kama Dada anayejua yote ananawa mara tatu, wengine watafanyaje? Nikasema labda ni malaria. Ngoja nione kesho. Na kesho yake nikasema ngoja nione kesho."

Nikapiga ile namba, wimbo wake ukiimba kichwani mwangu. Sauti ya mwanamke ikaanza kuniuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, na nikatambua kwamba anasoma kama yalivyoandikwa. Nilijibu yote. Sindano alikuwa akiniambia kutoka ndani nisipige, nisubiri Jumapili tu, kisha akaacha kuniambia.

Gari lilifika baada ya saa mbili. Walishuka watu watatu waliovaa nailoni nyeupe kutoka unyayo hadi utosi, na madirisha yote ya mtaa yakafunguka kidogo. Sindano alitoka kwa miguu yake. Alikataa kushikwa. Alikuwa amejifunga kanga vizuri na shingoni ana utepe wake, na mmoja wa wale watu akauvua kwa koleo na kuutia kwenye mfuko wa vitu vya kuchomwa. Hapo ndipo alipolia, kwa ule utepe. Mimi nilisimamishwa mbali hatua kumi na kuambiwa nisisogee, na sikusogea. Alinitazama mara moja tu kabla mlango wa gari haujafungwa. Sikumpungia mkono, sijui kwa nini.

Walipuliza dawa nyumbani kwake, wakaandika namba ya chaki mlangoni, kisha wakaja kuandika na mlangoni pangu. Mimi na mtoto tulifungiwa siku ishirini na moja, maana hakuna aliyejua kama Mgeni alikuja naye kwenye kile kifurushi. Nilimpima joto asubuhi na jioni, na kila mara kabla ya kusoma kipimo nilifumba macho kwanza. Chakula kililetwa na watu wa mradi, kikaachwa kwenye tofali. Jirani yangu wa mkono wa kulia nilimhoji mwenyewe, dodoso namba sitini na moja: je, ungemsaidia jirani aliyezuiliwa ndani? Alijibu ndiyo kabla sijamaliza kusoma. Siku zile alikuwa akienda bombani kwa kuzunguka uwanja mzima wa mpira ili asipite dirishani pangu. Simlaumu. Namjua vizuri mno kumlaumu.

Kituo kilipiga simu Jumanne asubuhi. Walisema alifika amechelewa, walisema walijitahidi, walisema atazikwa na watu wao kwa heshima zote na kwamba familia isifike. Nilishukuru. Ndiyo, nilimshukuru yule mtu, na nikamwuliza jina lake la kazi, kama mtu anayejaza fomu. Kisha nikakaa na mtoto na kuandika herufi hadi tukamaliza daftari, kwa sababu sikujua namna ya kumwambia, na kumkumbatia nilikuwa nimekatazwa. Shemeji nilimwambia kwa simu. Alilia huko huko ndani ya lori lake, na mimi nikasikiliza.

Siku ishirini na moja zilipokwisha, Bwana Asilimia alikuja kuniona. Alikaa kwenye kiti nilichomtolea uani, akatoa pole ya kweli kabisa, kisha akafungua mkoba na kutoa dodoso. Nililitambua kwa mbali. Kwenye swali la kumi na tisa palikuwa na doa la wino mahali kalamu iliposhuka ghafla.

"Kuna mkanganyiko kidogo," alisema. "Tarehe hii, kaya hii imesema hakuna homa. Na kumbukumbu za kituo zinasema homa ilianza siku moja kabla. Marehemu alikudanganya, pole sana. Ni jambo la kawaida, tunalitegemea kwa asilimia tatu hadi nne."

"Hakunidanganya. Sikumwuliza."

Akanitazama.

"Nilijaza mwenyewe," nikasema. "Nimekaa pale ndani, nakunywa chai. Andika hivyo."

Akalikunja dodoso kwa uangalifu, akalirudisha mkobani. "Mwalimu, una msiba. Mtu mwenye msiba husema mengi. Jibu limeandikwa na hesabu imefungwa. Tukilifungua moja, tutafungua yote." Aliposimama akapangusa suruali. "Usiseme hivyo mahali pengine. Kwa faida yako."

Nilisema mahali pengine. Nilisema kwenye ukumbi wa kusomea matokeo, nilipoalikwa pamoja na wadodosaji wengine tukapewe vyeti. Kulikuwa na viti vyenye vitambaa, maji ya chupa, na wageni wa heshima mstari wa mbele. Bwana Asilimia alisimama na kusoma. Wanaojua njia za maambukizi, asilimia tisini na sita. Wangepiga simu mara waonapo dalili, tisini na tatu. Wangenunua mboga kwa aliyepona, tisini na moja. Watu wakapiga makofi. Nikahesabu kichwani: ndani ya ile tisini na tatu yumo mdogo wangu. Yumo hata sasa. Amekufa, na bado anapiga simu mara aonapo dalili.

Nikasimama, nikasema dodoso moja nimelibuni mimi, la nyumba ya ndugu yangu, na ndugu yangu amekufa. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, ile ya darasani. Kisha mgeni mmoja wa mstari wa mbele akasema tunampa pole dada yetu kwa msiba mzito, na akaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka wote waliotutoka. Wakasimama. Wakakaa. Bwana Asilimia akaendelea na ukurasa wa tano. Cheti changu nilikuta kimewekwa juu ya kiti.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja sokoni. Sikuwa nimepanga. Mama Mboga alikuwa nyuma ya meza yake, mafungu yake yamenyauka pembeni, ile karatasi imefifia kwa jua hadi muhuri hauonekani. Nikamwomba fungu la mchicha. Hakunipa mara moja. Alinitazama usoni, kisha akafuta mikono yake.

"Pole na mdogo wako," akasema. "Nilikuwa naye."

Sikumwelewa. Ndipo aliponieleza kwamba waliopona hawashikwi tena na ule ugonjwa, kwa hiyo kituo kinawachukua kwa zamu kukaa na wagonjwa, kuwalisha, kuwafuta, kuwashika mkono bila ile glavu nene. Jambo hilo nililijua. Lilikuwa swali la thelathini. Ila sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwenye sura anayekwenda kulifanya.

"Aliteseka?"

"Usiku mmoja. Si zaidi." Alianza kuchambua mafungu, akitafuta lililo bora. "Alinijua. Aliniuliza, 'Dada amekutuma?' Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia Mwalimu amenituma nikuangalie. Akatulia. Akanishika mkono mpaka mwisho."

Watu walipita nyuma yangu na vikapu vyao, wakiizunguka ile meza kwa upana wa meza nyingine nzima.

"Sikukutuma," nikamwambia.

"Najua."

"Zile mboga ulizonipa, siku ile..."

"Najua, Mwalimu. Shimo la taka la mdogo wako linaonekana kutoka njia ya bombani." Alilifunga fungu kwa ukambaa, akanipa. Alinipa kwa mikono miwili, kama mara ya kwanza.

Nilizipika mchana ule ule. Niliziosha mara moja tu, kama watu wanavyoosha mboga. Mtoto alikaa mezani akichora kwenye mgongo wa cheti changu, na nilipoweka bakuli katikati akaliangalia bila kunyoosha mkono. Ana kumbukumbu nzuri, yule mtoto. Kitu ukimfundisha mara moja, kimeshika.

"Mama mkubwa, hizi ni za yule mama?"

"Ndiyo."

"Tunamwaga?"

Nikamwambia tunakula. Akaweka mikono yake juu ya mapaja, akanitazama, akangoja nianze mimi.